Sindano ya Pili

Ukiona mwanamke ameshikwa mkono na mama mkwe mtarajiwa mbele za watu, akaitwa mwanangu kwa sauti ya kusikika wodi nzima, halafu badala ya kutabasamu akawa anautazama mlango, jua kuna jambo.

Ndivyo alivyokuwa Nesi asubuhi ile ya Jumatano. Alikuwa amesimama kando ya kitanda namba kumi na nne, mkono wake umefunikwa na mikono miwili ya mama yule, na mama anawaambia wanawe, wa kike na wa kiume, kwamba juzi yeye alikuwa keshakwenda zake, na aliyemrudisha ni huyu hapa. Kuanzia leo asimsikie mtu akimwita binti wa sindano. Na jina hilo, jamani, alilitunga mama mwenyewe.

Binti yake mkubwa, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha ambaye kwa mwaka mzima hakupata kumpa Nesi hata salamu ya nusu, alitikisa kichwa kukubali huku machozi yakimlengalenga. Mdogo wake, Fundi, hakuwa na haja ya kutikisa kichwa. Alimtazama Nesi tu, kwa yale macho yaliyokuwa yakimfanya Nesi asahau alikuwa anakwenda wapi na kufanya nini, na leo yalikuwa yamejaa shukrani mpaka pomoni. Nesi hakuyaweza. Akasema wagonjwa wengine wanamsubiri, akautoa mkono wake polepole, akaondoka na moyo mzito.

Tuliweke sawa kwanza, msije mkamwona hana shukrani.

Mwaka mmoja na nusu nyuma, friji ya chanjo ya hospitali ile iligoma, akaitwa fundi wa mafriji. Fundi akaja na begi lake la vyuma, akalala chali sakafuni, akamwomba nesi aliyekuwa karibu amshikie tochi. Kazi ya nusu saa ilimchukua siku nne. Friji ilipona siku ya kwanza, wenyewe mnaelewa. Siku ya nne Fundi alisimama, akapangusa mikono kwenye suruali, akakiri kwamba hana tena cha kufungua wala cha kufunga, na kama Nesi hatampa namba ya simu itabidi aiharibu upya. Nesi alicheka mpaka tochi ikamponyoka.

Walipendana, na mapenzi yao hayakuwa ya kuficha. Tatizo lilikuwa mama. Hakuwa na ubaya na msichana mwenyewe, alisema, uso anao na heshima anayo. Alichokataa ni kazi yake. Mke gani anatoka mume akiingia? Mke gani anashinda akiwaogesha wanaume wasiomhusu? Mtoto akizaliwa atalelewa na nani, na hiyo zamu ya usiku itakuwaje? Dada mkubwa akaunga mkono kwa nguvu zote. Fundi akabembeleza, akanuna, akasusa chakula, akarudi kubembeleza. Mama hakuyumba.

Kisha mama akajikwaa kidole cha mguu. Ana sukari tangu miaka kumi na moja iliyopita, na kidonda cha mwenye sukari hakina haraka ya kupona. Kidole kikavimba, sukari ikapanda, akalazwa. Wodi ya wanawake ilikuwa moja tu, na wodi hiyo ndiyo ya Nesi.

Basi mama akaapa moyoni kwamba atauguzwa lakini hatazungumza. Nesi akimsalimu, anageukia ukuta. Nesi akimuuliza kama ana maumivu, anamwambia bibi wa kitanda cha kumi na tano, jirani yake, "Mwambie huyo kwamba mguu unauma." Na bibi wa kumi na tano, mtu wa watu, mwenye ucheshi wake, anamgeukia Nesi aliyesimama hatua moja tu, anamwambia, "Anasema mguu unauma." Wodi nzima ilikuwa inacheka. Nesi naye alicheka mbele za watu, lakini akifika chumba cha dawa alikuwa anashika meza na kumeza mate mara tatu ndipo atoke. Ikafika mahali akawa anakipita kitanda kile mbio mbio, anafanya la lazima, anaondoka.

Ikaja Jumatatu.

Wagonjwa walikuwa ishirini na wanane, wauguzi wawili. Sheria ya insulini, ile sindano ya sukari, imebandikwa ukutani kwa wino mwekundu. Dozi inahakikiwa na watu wawili, mgonjwa anaulizwa kabla ya kuchomwa, na karatasi inasainiwa papo hapo. Lakini watu wawili wakisimama pamoja kwenye kila kitanda, wa mwisho atapata dawa ya asubuhi jioni. Kwa hiyo wauguzi wale walikuwa na utaratibu wao, ambao wakubwa waliujua na kuufumbia macho. Nesi anaanzia mlangoni, kitanda cha kwanza mpaka cha kumi na nne. Mwenzake anaanzia dirishani, ishirini na nane mpaka kumi na tano. Wanakutana katikati.

Mwenzake huyo alikuwa anaitwa Chapchap, na hakuna aliyelikumbuka jina lake lingine. Mikono yake ilikuwa myepesi, mgonjwa anasikia sindano ikiwa imeshatoka. Kasoro yake ilikuwa moja. Alichoma wote kwanza, kisha akarudi kusaini karatasi zote kwa mkupuo.

Asubuhi hiyo Chapchap alimaliza upande wake mapema. Akatazama kitanda cha kumi na nne, akamkumbuka shoga yake na yale mate anayomeza chumba cha dawa, huruma ikamshika. Akasema ngoja nimpunguzie mmoja. Akapita upande wa kushoto wa kitanda, akamchoma mama, akaenda kumwitikia mgonjwa aliyekuwa anatapika.

Dakika kumi baadaye Nesi akafika upande wa kulia. Karatasi ilikuwa tupu. Bibi wa kumi na tano hakuwepo, amepelekwa kupigwa picha ya kifua. Mama alikuwa amelala, uso ukutani. Nesi alisimama pale na sindano, akijua anapaswa kumuuliza kama ameshachomwa, na akijua kwamba leo hata mkalimani hayupo. Akaona haya kuusemesha ukuta. Akasafisha ngozi ya mkono wa kulia, akachoma, akasaini, akaenda zake.

Haikufika saa moja, mama akaanza kutokwa jasho, maneno yakamchanganyika, akalegea. Kipimo cha sukari kikasoma mbili nukta moja, na chini ya nne tayari ni hatari. Nesi alikuwa wa kwanza kufika. Alimpaka sukari ya maji kwenye fizi, akatafuta mshipa akaupata mara moja, akatundika dripu ya sukari, na muda wote huo alikuwa anamwita, mama, mama, usilale, nitazame mimi. Mama alipofumbua macho, uso wa kwanza aliouona ni ule wa Nesi, umeloa machozi. Daktari alipouliza kulikoni, mama mwenyewe akajibu kwamba uji wa asubuhi hakuunywa. Daktari akaandika hakula. Mambo yakaishia hapo.

Yangeishia hapo kama Chapchap asingekwenda kusaini karatasi zake. Alimvuta Nesi mpaka stoo ya mashuka, akafunga mlango kwa mgongo, akamwonyesha karatasi ya kumi na nne. Mbona hapa umesaini wewe, alimuuliza, na mimi nilishamchoma?

Nesi akaitazama saini yake. Kisha Chapchap akaanza kuomba. Ana barua moja ya onyo tayari, ya pili itampeleka nyumbani, na nyumbani kuna watoto wawili na mume asiye na kazi. Mgonjwa amepona. Mgonjwa mwenyewe kasema ni uji. Nani kaumia? Nesi hakumjibu ndiyo wala hapana. Hospitali inatoa siku tatu za kujaza fomu ya tukio, na siku tatu zilikuwa zinakwisha Jumatano ile, zamu ikiisha.

Na ndani ya siku hizo ndipo mama alipoanza kumwita mwanangu. Sasa niambieni, angecheka vipi?

Saa tano, muda wa chai, Fundi alimngojea nyuma ya jengo la kufulia, kwenye benchi la mbao lililotazama kamba za mashuka. Palikuwa na harufu ya sabuni na mvuke. Nesi aliketi, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Fundi akaisogelea nafasi ile, akaimaliza. Akaondoa uzi uliokuwa umenasa kwenye ukosi wa sare yake, na mkono ukakaa pale shingoni muda mrefu kidogo kuliko uzi ulivyohitaji. Nesi alifumba macho. Alikuwa amemmisi kiasi kwamba kulimuuma hata kukaa karibu naye.

Fundi akamwaga habari zake. Mama ameridhia. Si kuridhia tu, ameshawapigia simu wajomba. Jumamosi hii wajomba wawili wanakwenda kwao Nesi kuzungumza na wazazi wake, rasmi. Alisubiri Nesi amrukie shingoni. Nesi alikuwa anatazama mashuka.

"Mbona hufurahi?"

"Nafurahi."

"Nesi, kazi yangu ni mashine zinazodanganya. Inaunguruma vizuri kabisa, ukifungua ndani hakuna ubaridi. Niambie kuna nini."

Akamwambia. Alimwambia yote kwa mpangilio, kama anavyokabidhi zamu, mgonjwa nani, saa ngapi, dawa gani, kipimo gani. Isipokuwa ya Chapchap hakuyakuza. Alisema tu kwamba dawa ilikuwa imeshatolewa, haijasainiwa, na yeye akatoa tena bila kuuliza. Alipofika mwisho, mikono ya Fundi ilikuwa imerudi mapajani mwake.

"Ungemuua mama."

"Ndiyo."

"Na jana nimesimama mbele yako nikalia. Nikakushukuru."

"Ndiyo. Nilitaka kukwambia palepale, ulimi ukawa mzito. Nisamehe."

Fundi aliinuka, akaenda mpaka kwenye kamba, akashika shuka lililolowa asijue analishikia nini. Nesi alimtazama mgongo. Alitegemea atatukanwa, na kusema kweli alitaka kutukanwa, ingekuwa nafuu. Lakini Fundi aliporudi hakuwa na matusi. Alichuchumaa mbele yake, akamshika magoti.

"Nani mwingine anajua?"

"Mwenzangu wa zamu."

"Basi iishe hapa. Mimi nimejua, nimekasirika, nitapoa. Usimwambie mama."

"Fundi."

"Nisikilize. Mwaka mzima nimemwomba mama kama mtoto mdogo. Umwambie leo, Jumamosi haipo, na haitakuwepo nyingine. Dada atahakikisha. Tuoane kwanza, utamwambia tukiwa na wajukuu wawili mlangoni, atacheka."

Nyie, msione ni jambo dogo. Mtu unayempenda amepiga magoti, anakuomba ufanye jambo ambalo wewe mwenyewe tangu juzi unatafuta ruhusa ya kulifanya. Nesi alimtazama nywele, masikio, kile kikovu cha bati juu ya nyusi, na mwili mzima ukamwambia kubali. Machozi yalimtoka bila kelele.

"Kesho asubuhi nitasimama tena pale na sindano," alisema. "Sasa hivi hanigeukii ukuta. Ananitazama usoni, ananiuliza, mwanangu, hii ni ya nini? Nimjibu kwa mdomo upi?"

"Kwa mdomo huohuo. Watu wangapi wanakosea kazini?"

"Wewe ukikosea friji inaharibika. Mimi mtu anazikwa."

"Kwa hiyo mimi sina uzito. Fomu ndiyo ina uzito."

"Nani kasema fomu? Nasema mama yako. Amenipa jina la mwanangu kwa kitu ambacho sikukifanya."

Fundi akasimama. Uso wake ulikuwa umekunjamana, na sauti imeshuka, na Nesi alimjua, akishusha sauti ndiyo amekasirika kweli.

"Fanya unavyotaka. Ila usije ukasema sikukuomba."

Akaondoka akikata katikati ya mashuka, akielekea getini. Nesi alitamani amkimbilie. Badala yake alinawa uso kwenye bomba la nje, akapiga moyo konde, akaenda ofisini kwa Sista Mkubwa, msimamizi wa wodi.

Aliijaza fomu palepale mbele yake. Aliandika lililomhusu yeye tu, kwamba alichoma bila kumuuliza mgonjwa na bila mtu wa pili, na sababu akaandika kwamba aliogopa kuzungumza naye. Sista Mkubwa aliisoma mara mbili, akavua miwani. Akamkumbusha kwamba daktari ameshaandika hakula, na mgonjwa mwenyewe kasema hivyohivyo. Nesi akasema anajua. Akamkumbusha kwamba jambo hili linaweza kumfikisha mbele ya kamati ya nidhamu. Nesi akasema hilo pia analijua. Sista Mkubwa, mwanamke mwenye miaka ishirini na sita ya wodi mgongoni, akamwambia kwamba fomu hizi huwa analetewa na mtu aliyeona kosa la mwenzake, za mtu kujiandika mwenyewe ameziona chache. Mpaka kamati ikae, hatagusa dawa. Ataogesha, atageuza, atapima, basi.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Chapchap aliingia taratibu, na kuingia taratibu kwake lilikuwa jambo geni. Macho yamemvimba. Alimwambia Sista Mkubwa kwamba nusu ya fomu hiyo ni yake, anaomba kalamu. Hakumtazama Nesi. Nesi naye hakudai atazamwe.

Sista Mkubwa akauliza nani atamwambia mgonjwa. Nesi akasema yeye.

Saa saba ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Dada mkubwa alikuwa ameketi kitandani miguuni mwa mama yake, anamkata kucha. Fundi alikuwa amerudi. Alisimama dirishani amekunja mikono, na Nesi alipoingia na Sista Mkubwa nyuma yake, aliinua uso mara moja akaushusha. Hakutoka lakini. Bibi wa kumi na tano akajifanya amelala, jicho moja wazi.

Nesi alisimama upande wa kulia, palepale.

"Mama, juzi hukuanguka kwa sababu ya uji. Ulikuwa umeshachomwa sindano, karatasi ikawa haijaandikwa. Mimi nikakuchoma ya pili. Nilipaswa kukuuliza, sikukuuliza. Aliyekuangusha ni mimi."

Mkasi wa kucha ulidondoka. Dada mkubwa alisimama, na yaliyomtoka sitayarudia yote. Alisema alijua tangu mwanzo. Alisema watu wa namna hii wanaua wazazi wa wenzao kisha wanakuja kulia. Alisema Jumamosi aisikie tu, na mdogo wake asithubutu. Nesi alimtazama mama peke yake, na mama alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe juu ya shuka. Haya ndiyo aliyoyaogopa Nesi tangu juzi, na sasa yalikuwa yanatokea mbele yake, mambo yote aliyoyataka maishani yanamponyoka mchana kweupe.

"Kaa chini," mama alimwambia binti yake.

"Mama, umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Kaa."

Dada akaketi. Mama akapangusa midomo kwa ncha ya kanga yake.

"Yule mwepesi alinichoma mkono huu wa kushoto," alisema. "Wewe ukaja ukanichoma wa kulia."

"Ndiyo, mama."

"Miaka kumi na moja najichoma mwenyewe nyumbani. Unadhani siwezi kuhesabu mpaka mbili?"

Nesi hakuelewa. Fundi alikuwa ameacha kukunja mikono.

"Nilijua," mama alisema. "Ulipoipaka ngozi dawa nilijua umekosea, nikaendelea kutazama ukuta. Nikasema moyoni, acha aumbuke, mwanangu amwone kazi yake ilivyo. Uji ulipoletwa nikausukuma mbali kusudi. Nilidhani nitapata kizunguzungu kidogo, nipige kelele, watu wajae. Sikujua itanishika haraka vile."

Hata wageni wa vitanda vingine walikuwa wamesita na vijiko mkononi.

Nesi alihisi damu inampanda usoni. Hakuwahi kumkasirikia mgonjwa maishani mwake, na sasa alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Mama, tangu juzi sijalala," alisema. "Nikifumba macho nakuona umelegea mikononi mwangu. Nimejiita muuaji."

"Najua. Ulikuwa unapita hapa na macho mekundu, nami nakuona, nikanyamaza tena." Mama aliinua macho. "Ndiyo maana nikaanza kukuita mwanangu. Nilidhani nikikuita hivyo mara nyingi, haya itanitoka. Haikutoka. Nisamehe."

Akamgeukia Sista Mkubwa, akamwambia kama hiyo fomu ina sehemu ya mgonjwa, haya nayo ayaandike, na asipunguze. Kisha akamtazama mwanawe.

"Na wewe ulikuwa unajua?"

Fundi aliinua uso. "Tangu saa tano, mama. Nilimwomba anyamaze."

"Haya," mama alisema. "Basi humu ndani aliyesema bila kuulizwa ni mmoja. Jumamosi wajomba waende. Ila wasiende na vifua mbele kama wanaompelekea mtu zawadi. Waende kuuliza kama anatutaka."

Dada mkubwa akamtazama mama yake, akainama kutafuta mkasi.

Fundi alizunguka kitanda. Hakumgusa Nesi, alisimama mbele yake mikono imening'inia, mtu mzima hajui aiweke wapi. Alimwambia kwamba yale aliyomwambia kule nje yalimtia aibu kabla hajafika getini, akakaa nje ya ukuta nusu saa nzima akitafuta namna ya kurudi. Alisema hana cha kujitetea.

"Bado unanitaka?" alimuuliza.

Nesi alimtazama. Alimpenda, hilo halikuwa na ubishi, alimpenda hata sasa, na bado kifua kilikuwa kinamuuma kila mahali. Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa ya kupima. Akatoa kile kipimo kidogo mfukoni, akamwambia mama kwamba sindano hana ruhusa nazo, ila kupima anaruhusiwa, alete kidole. Mama akaleta. Nesi akamuuliza kwanza kama kuna mtu ameshampima mchana huu. Mama akasema hapana, hakuna. Tone la damu likatoka, wote wakainamia kile kioo kidogo wakisubiri.

"Saba nukta nne."

"Ni nzuri?"

"Ni nzuri, mama."

Mama alikibana kidole chake kwa pamba, akamtazama usoni.

"Na wewe, hali yako?"

Nesi alitaka kujibu lile jibu la kila siku, kwamba ni mzima. Badala yake aliandika namba kwenye karatasi, akasaini palepale, akaweka na saa.

"Bado naumwa, mama," alisema. Akamgeukia Fundi, macho yamejaa, hakuyapangusa. "Lakini Jumamosi sina zamu."